Mtihani wa Mtu Mzima

Nchi ninayoisimulia haipo. Ingekuwepo, ningekuwa nimekwishaitwa kueleza kwa nini naisimulia. Msomaji akikuta humu jambo linalofanana na la kwao, ajue tatizo ni macho yake, akayaoshe kwa maji safi, kama maji yametoka.

Katika nchi hiyo ujinga ulifutwa siku ya Jumanne, kabla ya chakula cha mchana. Mkuu wa Nchi alitangaza redioni kwamba kuanzia dakika ile kila raia anajua kusoma na kuandika, na atakayeonekana hajui atahesabiwa kuwa anapinga serikali kwa makusudi. Watu walishangilia. Waliokuwa hawajui hata a walisikia joto kidogo kichwani, wakadhani ndiyo elimu inaingia.

Wizara ya Elimu ya Watu Wazima haikuvunjwa, kwa sababu tayari ilikuwa na magari. Ilipewa kazi mpya ya kuwafundisha watu wanaojua, ili wajue kwamba wanajua. Ilibakiwa pia na vituo vya ufundi, vya kushona, kuchomelea na kutengeneza makochi, ambako mtu aliweza kujifunza kitu bila kuonekana anajifunza.

Sheria ya wizara hiyo ilikuwa fupi: "Watu wazima watafundishwa na mtu mzima." Aliyeitunga alikuwa anawahi semina, kwa hiyo hakueleza mtu mzima ni nani. Idara ya Umri ikasema ni yule asiye mtoto. Idara ya Ukamilifu ikasema ni yule asiyepungukiwa kiungo. Idara ya Uhai ikasema, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba ni yule asiyekufa. Wakurugenzi walikaribia kushikana mashati kwenye korido. Waziri, ambaye ni mpenda amani, akaamua kwamba wote wako sahihi. Akampa kila mmoja jengo, gari na mhuri.

Basi, anayetaka kuwa mwalimu hupita idara zote. Na akikataliwa na idara, huwa kile ambacho idara hiyo imesema: mtoto, au kipande, au marehemu.

Tangu hapo salamu zikawa kazi ngumu. Ukiulizwa "U mzima?" nawe ukajibu "Mzima" bila cheti, unashtakiwa kwa kujitwalia cheo. Wananchi, ambao ni waelewa sana, walizoea kujibu: "Inashughulikiwa."

*

Palikuwa na binti aitwaye Sikudhani Mbelwa, fundi cherehani. Juu ya cherehani alikuwa na stashahada ya ualimu wa watu wazima, ila aliipata kabla ujinga haujafutwa, jambo lililoifanya itiliwe shaka. Alitaka kitu kimoja tu, kufundisha katika Kituo cha Kisomo na Ushonaji cha Makapi, ambako mmoja wa wanafunzi alikuwa shangazi yake aliyemlea, Bi Mwanaheri.

Kituo hicho hakikuwa na mwalimu tangu Mwalimu Ngwilizi alipokutwa na Idara ya Uhai kuwa ni marehemu. Alizikwa kwa heshima. Yeye mwenyewe alihudhuria, amevaa suti, na mwisho akasimama kuwashukuru waombolezaji kwa michango yao ya hali na mali. Baada ya hapo aliendelea kuonekana mitaani, ingawa ilikatazwa kumwona.

Asubuhi moja mtendaji wa kata alipita Makapi na kipaza sauti. Alitangaza kwamba kituo kitakachofika mwisho wa mwezi bila mwalimu kitageuzwa kuwa Makumbusho ya Taifa ya Ujinga, na wanafunzi watakaokutwa humo watahifadhiwa humo humo kama vielelezo.

"Vielelezo ndiyo nini?" aliuliza Bi Mwanaheri, huku akikunja pindo la sketi ya mteja.

"Mtawekwa kwenye kabati la kioo, shangazi. Watoto wa shule watakuja kuwatazama."

"Na cherehani yangu?"

"Nayo."

"Kabati hilo lina mlango?"

"Linafungwa kwa nje."

Bi Mwanaheri alikata uzi kwa meno. Alikuwa amefika herufi ya M wakati mwalimu wake alipofariki, na tangu siku hiyo alisoma kila neno mpaka lilipomfikisha kwenye N, hapo akasimama kama gari lililoishiwa mafuta.

"Nenda ukafanye huo mtihani wao, Siku," alisema. "Lakini wakikukuta marehemu, usinirudie hapa kimyakimya ukanistua. Bisha hodi."

*

Mkurugenzi wa Idara ya Umri alikuwa Bi Tumsifu, mwanamke mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani kwa ajili ya wageni wa nje. Ukutani kwake paliandikwa: MTU MZIMA HAULIZI.

"Karibu, mtoto," alisema.

"Asante, mama."

"Una swali lolote?"

"Sina."

"Hutaki kujua mtihani utachukua muda gani?"

"Hapana, mama."

"Hutaki kujua kwa nini kiti ulichokalia hakina mguu mmoja?"

Sikudhani alikuwa amekikalia kwa paja moja tangu aingie, msuli unamtetemeka. Alijua kwamba binti aliyemtangulia alikuwa ameuliza choo kiko wapi, na sasa alikuwa nje, amefungwa aproni ya chekechea, anasubiri mzazi wa kumchukua.

"Nimekikuta hivyo," alisema. "Nitakiacha hivyo."

Bi Tumsifu alivua miwani ya machoni akavaa ile ya wageni. "Hayo ndiyo maneno ya mtu mzima," alisema, akagonga mhuri. "Nchi hii imejengwa na watu wa aina yako."

Katika Idara ya Ukamilifu, Daktari Mponda alimzunguka na futi ya kamba kama mtu anayetaka kununua kabati. Alipofika kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto alisimama. Palikuwa na kovu, pale sindano ya cherehani ilipowahi kupita na kutokea upande wa pili.

"Hapa pametoka kitu," alisema daktari.

"Imetoka damu tu, daktari. Nyama imerudi."

"Imerudi yote?"

"Sikuipima."

"Basi siwezi kukuita mzima. Naweza kukuita robo tatu na kitu."

"Daktari, fundi wa kushona asiye na kovu hajawahi kushona. Mkipeleka mwalimu mwenye vidole laini, wanafunzi watamcheka."

"Unanifundisha?"

"Sijapewa kibali."

Daktari alicheka mpaka futi ikamponyoka. Aliandika: "Mzima kwa sehemu kubwa," akapiga mhuri, akamwomba akipata nafasi amshonee suruali iliyombana kiunoni.

*

Kwenye ngazi za Idara ya Uhai alikaa Mwalimu Ngwilizi, na suti ile ile ya maziko.

"Shikamoo, mwalimu."

Alitazama kushoto na kulia. "Usinisalimie, binti. Unaniongezea kosa."

"Kosa gani?"

"La kuitikia." Kisha akanong'ona, midomo haisogei: "Marahaba. Sikiliza. Mkurugenzi, Bwana Kihwelu, atakuuliza kama unamwogopa. Sema ndiyo. Ukisema hapana, umekufa, maana aliye hai yeyote anamwogopa."

"Kwani wewe ulisema hapana?"

"Mimi nilisema ndiyo. Akanipongeza sana. Halafu akamwuliza karani kama wino wa bluu upo, karani akasema umekwisha. Akapiga mwekundu."

"Si angesubiri wino uletwe?"

"Nami nilimwuliza hivyo hivyo. Akasema marehemu hana haraka."

Sikudhani alipanda ngazi.

Bwana Kihwelu alikuwa mtu mrefu, mkimya, ambaye jina lake lilitumiwa na akina mama kuwanyamazisha watoto. Meza yake ilikuwa tupu kabisa. Hapakuwa na faili wala gazeti, palikuwa na mihuri miwili tu na visahani viwili vya wino.

"Unaniogopa?"

"Naogopa, mzee."

"Sana?"

"Mpaka nimesahau nimekuja kufanya nini."

"Vizuri. Wafu hawana adabu hiyo." Akageuza shingo. "Karani! Bluu ipo?"

Karani alikichukua kisahani, akakiinamisha, akakigonga kwa chini, akakinusa. Chumba kizima kilisikika kikivuta pumzi.

"Imebaki kidogo, mzee."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mpaka tujaribu."

Bwana Kihwelu alikandamiza mhuri kwenye kisahani, akaubandika kwenye cheti, akauegemea kwa uzito wake wote. Alipouinua, wote waliinama kutazama. Palikuwa na kivuli, kama doa la chai lililofuliwa.

"Ni bluu hii?" aliuliza.

"Ni bluu, mzee," alisema karani. "Ukiitazama kwa huruma."

Bwana Kihwelu aliipeleka karatasi dirishani akaitazama kwa muda mrefu. Alitazama rangi. Maneno yenyewe hakuyatazama. Sikudhani aliliona hilo, akadhani ni uchovu wa kazi.

"Nenda," alisema hatimaye. "Upo hai mpaka utakapoarifiwa vinginevyo."

*

Lilibaki somo la majaribio, mbele ya Waziri mwenyewe.

Lilifanyika asubuhi katika Ukumbi wa Maarifa, ambao ulijengwa bila madirisha ili maarifa yasivuje. Juu ya ubao palitundikwa kitambaa kirefu kilichotundikwa pia katika kila ofisi ya wizara: ELIMU YA WATU WAZIMA. Meza kuu ilikuwa nyuma, juu ya jukwaa. Hapo alikaa Mheshimiwa Profesa Mhandisi Bakilana, Waziri, na watu wengi wa kumsaidia kukaa.

"Ndugu zangu," alisema Waziri kwenye kipaza sauti, "leo tunashuhudia tukio ambalo kabla ya leo halikuwa leo. Mwalimu ni taa. Na taa ni nini? Taa ni mwalimu. Nadhani mmenielewa." Wakapiga makofi ya kuelewa.

Kwa kuwa nchini hapakuwa tena na mtu asiyejua kusoma, wakurugenzi na maofisa waliagizwa kukaa kwenye madawati na kuwa wajinga. Atakayejua kitu kabla ya kufundishwa angefutiwa safari za nje. Mwombaji naye alipewa masharti yake. Wasipojifunza, amefeli. Na ruhusa ya kufundisha ilikuwa ya neno moja tu, lililopitishwa na kamati ya usalama: WAZIMA. Haikuruhusiwa kuongeza herufi, wala nukta.

Sikudhani alilikata neno hilo vipande vitatu vya karatasi ngumu, WA na ZI na MA, kama mtu akatavyo kitambaa, akavibandika ubaoni. Hivyo ndivyo watu wazima wanavyofundishwa: unalifumua neno, kisha unawapa vipande washone wenyewe.

Maofisa walijituma. Daktari Mponda alitafuna chaki. Bi Tumsifu alishika kalamu kwa meno akasema hajui mdomo wake uko wapi. Mwingine alilia akimwita mama. Sikudhani akatamka sauti moja moja, nao wakajibu kwa kubweka, na kila walivyozidi kufurahisha meza kuu ndivyo alivyozidi kuliona kabati la kioo, na shangazi yake ndani, na mlango unaofungwa kwa nje.

Ndipo alipomwona Bwana Kihwelu.

Alikaa dawati la pili. Hakubweka wala hakulia. Alikuwa amekishika kipande cha chaki kama mtu aliyepewa yai la mtu mwingine, na macho yake yalikwenda kwenye WA, yakarudi, yakaenda kwenye ZI, yakarudi, midomo ikitikisika. Sikudhani aliyajua macho hayo. Aliyaona kwa kila mgeni wa Makapi siku yake ya kwanza. Akakumbuka bluu na nyekundu, na maneno yasiyotazamwa.

Alipopita karibu, Bwana Kihwelu alinong'ona: "Usiniinue mimi."

"Sitakuinua, mzee."

"Ukiniinua, wino mwekundu ninao wa kutosha."

"Nimesikia, mzee."

Lakini kipaza sauti kilinguruma kutoka nyuma. "Huyo! Huyo mrefu!" Waziri alikuwa amesimama kwa furaha. "Mnaona? Hafanyi kelele! Huo ndio ujinga wa kiwango cha kimataifa! Mlete mbele, mwombaji. Atufunge somo."

Bwana Kihwelu alikwenda mbele. Alitembea kama walivyokuwa wakitembea watu kuingia ofisini kwake.

Walisimama mbele ya ubao, bega kwa bega. Angemwacha ashindwe, Makapi ingekuwa makumbusho. Angemfundisha, ukumbi wote ungeona kwamba mkurugenzi alikuwa hajui, yaani ameasi tangu Jumanne ile. Sikudhani alimtazama mkono. Ulikuwa unanyooka kuelekea kwenye vile vipande.

"Mzee," alisema polepole, "hii umeisema tangu ulipoanza kuongea. Ni wa."

"Wa."

"Hii ni zi. Ile ni ma. Sasa zipange upendavyo."

Bwana Kihwelu alichukua MA, akaiweka mwanzo. Akachukua ZI. Akachukua WA. Akarudi nyuma hatua moja, akakunja uso.

"Ma... zi... wa." Akavigusa tena kimoja kimoja. "Maziwa?"

"Maziwa."

"Haya ya chai?"

"Haya haya, mzee."

Mtu yule mrefu alicheka. Hakuna aliyewahi kuisikia sauti hiyo, hata yeye mwenyewe aligeuka kuangalia imetoka wapi. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. "Uigizaji uliotukuka!" alipiga kelele Waziri. "Mwombaji, naona nchi imepata mwalimu. Kwa mamlaka niliyopewa, natamka rasmi kwamba..."

Bwana Kihwelu hakumsikia. Alikuwa amekwishaondoa MA. "Wa-zi," alisoma. "Wazi." Akarudisha MA, akaondoa WA. "Zi-ma. Zima." Akainua macho kwenye kitambaa kilichotundikwa juu, akalitafuta neno la mwisho, na kidole chake kikalifuata hewani.

"Mheshimiwa, samahani," alisema. "Pale juu. Miaka yote nilidhani tumeandikwa sisi, watu wazima. Kumbe ndani yake mna zima. Elimu ya watu... wazima." Aligeuka. "Akina nani hao? Na wazima nini?"

"Mtu mzima haulizi!" alisema Bi Tumsifu, kisha akaziba mdomo, ambao sasa alijua ulipo.

Waziri alibaki na mkono hewani. Pale kwenye madawati, kichwa kimoja kiliinuka kutazama kitambaa. Kisha kingine.

"Mkurugenzi," alisema Waziri taratibu, "ulikuwa unaigiza. Sivyo?"

Macho ya Bwana Kihwelu yalikuwa bado kwenye kitambaa.

"Basi sema wewe, mwombaji. Alikuwa anajua, au hajui? Fikiri kabla ya kujibu. Kama alikuwa anajua, hujamfundisha kitu, na kituo chako nakifunga leo. Kama alikuwa hajui, nyote wawili mtatoka humu na askari. Yeye kwa ujinga, na wewe kwa kuuona."

Askari mlangoni walijiweka sawa. Sikudhani alifungua mdomo. Alitaka kusema anajua. Alitaka kusema hajui. Alimtazama yule aliyekuwa ameshika kipande cha ZI kifuani kwa mikono yote miwili.

"Sikujua," alisema Bwana Kihwelu. "Sikujua hata a. Amenifundisha huyu, sasa hivi, hapa."

Zogo likazuka. Maofisa walisimama juu ya madawati, wengine wakitaka kuona uso wa mwasi, wengine wakikitazama tu kile kitambaa na midomo inawacheza. Waziri aliona macho yote yamekwenda juu ya ubao, akapiga meza kwa ngumi.

"Zimeni taa!" alipiga kelele. "Zimeni taa upesi!"

Ukumbi usio na madirisha ukawa mweusi tititi. Kipaza sauti kikakata. Kikafuata kimya, na katikati ya kimya hicho sauti ya Bwana Kihwelu, yenye furaha ya mtu aliyejibiwa.

"Kumbe ni taa."

Mtu mmoja alicheka, akajiziba. Kisha zikasikika buti. Askari walikuwa wanapapasa kati ya madawati, wanakuja mbele, wanamtafuta mwombaji. Sikudhani alijibana kwenye ubao akazuia pumzi. Akikaa kimya, wangempita. Mlango ulikuwa upande wa kulia, angeweza kuufikia kwa kufuata ukuta.

"Mwalimu," aliita Bwana Kihwelu. "Upo?"

Buti zilisimama, zikisikiliza.

"Ile ya mwanzo kabisa pale juu," aliendelea, "inayofanana na kitana. Inaitwaje?"

Sikudhani aliufikiria mlango. Akaiachia pumzi.

"E," alisema, kwa sauti ya darasani.

Buti zikageuka kuelekea kwake.

"E," alisema Bwana Kihwelu.

"E," ilisema sauti nyingine kutoka dawati la nyuma, kwa woga. Na nyingine. Na nyingine karibu na ukuta, nzito, ya mtu mwenye cheo. Hawakubweka wala hakuna aliyemwita mama. Gizani hapakuwa na wa kuigizia, na waliosema walikuwa wengi kuliko ambavyo taarifa yoyote ya wizara ingekubali.

Mkono wa askari ulimshika Sikudhani begani.

Ndipo kutoka juu ya jukwaa, kwenye meza kuu, ikasikika sauti iliyozoea kipaza sauti na sasa haikuwa nacho. Ilikohoa kwanza. Ilizungumza chinichini, kama mtu anayeuliza njia katika mtaa anaodai kuwa ni wake, na ilionyesha kwamba mwenye kuuliza amekitazama kitambaa kile kwa miaka mingi, mpaka akakikariri sura.

"Na hizo fimbo mbili zinazofuata," ilisema, "moja ikiwa na mguu?"

Mkono wa askari ulilegea.

"Li," alisema mwalimu.